Makaa Yanasayo Sumu Majini

Maji machafu ya kiwanda cha ngozi au cha betri huweza kuwa na kromi au risasi. Madini hayo hayaozi, wala kuchemsha hakuyaondoi. Ukinyweshea mboga hubaki udongoni. Na risasi hudhuru ubongo wa mtoto.

Dawa yake moja hutokana na vifuu vya nazi au magunzi ya mahindi. Huchomwa pasipo hewa mpaka yawe makaa, kisha hupitishiwa mvuke katika joto la digrii 800 hadi 900. Mvuke hutoboa vitundu vidogo mno, hata gramu 1 ya makaa huwa na uso uzidio meta 500 za mraba. Maji yakipita, chembe za madini hunata humo.

Lakini makaa ya jikoni hayatoshi, maana hayakutobolewa hivyo. Tena makaa yaliyokwisha kunasa sumu yasitiwe shambani: sumu haikufa, imehama tu.

Kazi hii ni ya mwenye kiwanda, kabla maji hayajafika mtoni. Nawe mkulima, ukiona maji yake yanaingia mferejini mwako, usinyweshee. Mwarifu Bwana Shamba ili yapimwe.