Beseni la ndizi msibani

Huku kwetu Makumira, Meru, mabishano ya dini mara nyingi huanzia mbali na kanisa. Huanzia msibani, kwenye beseni la ndizi, vidole vimeshaganda utomvu na sufuria ya loshoro inangoja. Mtu anasema kwa utulivu kabisa: "Ninyi wenzetu wa kule mlikataa kuzika." Tega sikio hapo kwenye "ninyi".

Anayeitwa "ninyi" hajibu tena hoja, anatetea ukoo, usharika na marehemu babu yake. Kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa anajikuta akijibu mashtaka ya mwaka 1991. Mimi humrudisha msemaji kwenye "wewe": "Shemeji, unaniuliza mimi au unawasema wao?" Mara nyingi watu hucheka. Kicheko hakimalizi ugomvi, lakini visu vinarudi kwenye ndizi.

Kisha uliza kinachogombewa ni nini hasa. Kati ya 1990 na 1993 Walutheri wa Meru waligawanyika juu ya kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini, yenye makao yake Moshi. Nyumba zilichomwa, migomba na kahawa ikafyekwa. Wengine wakabaki katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lenye Dayosisi ya Meru hadi leo. Wengine wakaunda kanisa la AMEC. Hawakugombania ubatizo wala meza ya Bwana. Waligombania uongozi, mali, na nani aamue mambo ya Wameru. Na hayo yalitokea jirani kabisa na chuo cha theolojia kilichokuwapo hapa tangu 1954, kwa hiyo usidhani kusoma sana Biblia kunatosha! Ikiwa ugomvi ni wa kiwanja, zungumzeni kiwanja. Aya ziacheni kwanza.

Kwa jirani Mwislamu au Mpentekoste ni vivyo hivyo, ila ongeza jambo moja: ukimtaja shehe aliyekula fedha za msikiti, mtaje na mhazini wa usharika wako. Na aliyekwisha kunywa mbege mwache, mtaongea kesho.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni kuuliza mtu alichokiona kwa macho yake. Anayerudia maneno ya wengine husema "walitufanyia". Aliyekuwepo husimulia kwa namna nyingine. Siku moja nilimwamkia mama mkubwa mmoja, nikamuuliza: "Mama, wewe siku ile ulikuwa wapi?" Akaacha kumenya. Akasema alikuwa ndani na watoto, wakisikia mapanga. Asubuhi shamba lilikuwa jeupe, umebaki mgomba mmoja nyuma ya choo.

"Machipukizi ya kupanda upya ulipata wapi?"

Akataja nyumba ya jirani, wa upande ule mwingine. Alikuja nayo usiku, amebeba begani, hakutaka hata kukaa. Mama akanisogezea beseni, akaniambia nimenye, ndizi zinakuwa nyeusi.