Prosesa ileile, alama mbali

SWALI: Fundi, laptopu yangu na ya binamu yangu zina prosesa moja na RAM ya GB 16. Kwenye kipimo cha Cinebench tuko sawa, lakini kubana mafaili kwa 7-Zip ananiacha mbali. Je, nimeuziwa prosesa bandia?
Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: La, prosesa ni nzima. Nashuku RAM yako ni moja ya GB 16, yake ni mbili za GB 8. DDR4-3200 moja hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Mbili pamoja, kila moja kwenye chaneli yake, 51.2. Programu ya CPU-Z itakuonyesha chaneli ni ngapi.

Mbona Cinebench haikuona tofauti? Kache, kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa, ni kabati la viungo kando ya jiko. RAM ni kwenda Marikiti. Data iliyo kwenye kache ya kwanza hufika kwa takriban nanosekunde moja, ya RAM huweza kukawia 80 au zaidi. Hesabu za Cinebench nyingi huishia kabatini. 7-Zip inapobana hupekua kamusi kubwa isiyoenea humo, basi safari haziishi.

AMD walilidhihirisha hili mwaka 2022: Ryzen 7 5800X3D ilipewa kache ya L3 ya MB 96 badala ya 32 za 5800X. Kasi yake ya juu ilishuka kutoka GHz 4.7 hadi 4.5, na bado iliishinda kwenye michezo mingi. Kwenye Cinebench ilishindwa kidogo. Ndiyo maana siamini alama moja pekee.

Kama kuna nafasi ya pili, ongeza RAM ya kasi ileile. Na mkipima tena, pimeni katika chumba kimoja: joto la kaskazi nalo hupunguza kasi.