INJINI IKIANZA KUGONGA: SIKIZENI KABLA YA KUFUNGUA



Kikundi kikichanga kila wiki mpaka kikapata pikapu ya kubebea samaki au nazi, jasho la watu wengi limewekwa chini ya boneti moja. Siku injini inapoanza kugonga, kila mtu ana lake la kusema. Mmoja asema, "Ni petroli mbaya hiyo." Mwingine, "Twende tu, mbona gari yenyewe bado yaenda?" Fundi wa kwanza anayepita anataka kufungua injini yote. Somo hili litawasaidia kujua mlio upi mnaweza kufika nao nyumbani, na mlio upi ni wa kuzima gari papo hapo.

Vifaa vya somo: gari la kikundi, kitambaa safi, bisibisi ndefu, kipande cha mpira wa maji cha urefu wa mita moja, daftari na kalamu.

TAHADHARI: Injini ikiwa inazunguka, msikaribie feni na mikanda. Akina mama wafunge leso vizuri, na mwenye kanzu akae mbali. Msifungue kifuniko cha redieta wakati injini ina moto.

1. KWA NINI INJINI HUGONGA

Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka. Kila pistoni imeshikwa na mkono wa chuma, konrodi, na konrodi huzungusha mhimili wa chini unaoitwa kranki. Konrodi inaposhika kranki pana beringi, vipande viwili vyembamba vyenye madini laini juu yake. Beringi haitakiwi kugusa kranki. Kati yao hupita utando mwembamba wa oili.

Oili ikipungua au ikichakaa, utando huo hukatika. Chuma hugusa chuma, na nafasi huongezeka. Nafasi ikiongezeka, oili humwagikia hapo, na beringi nyingine zinakosa. Hivyo ugonjwa wa beringi moja huwa wa injini nzima.

2. KWANZA HAKIKISHENI NI INJINI

Simamisheni gari, liwe halina gia, na mkanyage mafuta polepole. Mlio ukienda mbio pamoja na injini, basi ni wa injini. Ukiwa haupo gari likisimama, lakini unasikika kwenye mashimo au kona, tazameni springi, bushi na magurudumu. Tazameni pia kama bomba la moshi linagonga bodi, au kama raba zinazoshikilia injini zimekatika. Mambo haya hutengenezwa bila kufungua injini.

3. OILI KABLA YA YOTE

Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, mngoje dakika 5 au zaidi. Vuteni kijiti cha oili, mkipanguse, mkirudishe, kisha mkivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Halafu iangalieni:

- Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Gari lisiendeshwe.
- Ikinuka petroli au dizeli, imekuwa nyepesi na haifanyi kazi yake.
- Isugueni kwa vidole juani. Mkiona chembe zinazometameta, rangi ya fedha au ya shaba, beringi zimeanza kuliwa.

4. MILIO MITANO

Wekeni ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Au wekeni mpira wa maji sikioni, na mwisho wake mwingine muupitishe sehemu mbalimbali za injini. Mtashangaa jinsi mlio unavyojulikana ulikotoka.

(a) Kama mchi kwenye kinu. Mzito, unatoka chini, na hufuata mwendo wa injini. Mara nyingi huzidi gari likivuta mzigo au mguu unapoachia mafuta. Hii ni beringi ya konrodi au ya kranki, na ndio mlio wa hatari. Mafundi wakisema injini "imenoki", mara nyingi ndio mwisho wa mlio huu. Zimeni.

(b) Kama cherehani. Mwepesi, tik-tik-tik, unatoka juu chini ya kifuniko cha valvu. Ni nafasi ya valvu iliyopanuka au oili isiyofika juu. Ikiwa oili ni sawa, gari linaweza kufika kwa fundi, bali msikae miezi.

(c) Kama kokoto ndani ya kopo. Husikika kwenye gari la petroli likipanda mlima na mzigo, kwa mfano kutoka Kombani kwenda Kwale mjini, na hupotea ukiachia mafuta. Hapa petroli inawaka kabla ya wakati wake. Sababu ni petroli hafifu, taimingi kuwa mbele mno, masizi ndani ya injini au joto kupita kiasi. Shusheni gia na msikanyage sana. Likiendelea siku nyingi, hutoboa pistoni.

(d) Kama kopo tupu likigongwa asubuhi. Husikika injini ikiwa baridi na hupungua ikipata moto. Pistoni imelegea kwa uzee. Gari linaweza kufanya kazi muda mrefu, lakini liandikeni daftarini na mtazame kama linazidi.

(e) Mgongo mkali wa dizeli. Injini ya dizeli hugonga kidogo kwa asili yake. Ila mlio ukibadilika ghafla, ukawa mkali, na moshi mweusi ukatoka, huenda nozeli moja inavuja. Kazi hii ni ya fundi wa pampu. Msilegeze mabomba ya nozeli wenyewe, kwa maana dizeli yenye nguvu hutoboa ngozi ya mkono.

Juu ya petroli hafifu: tangu miaka ya 1920 makampuni yalitia risasi katika petroli kuzuia mlio huu wa kokoto. Ikaonekana risasi inadhuru ubongo wa watoto, na Kenya pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Tatizo jingine ni mafuta ya taa kuchanganywa humo. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya Sh 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usiwe na faida. Kwa hivyo mlio wa kokoto ukianza mara tu baada ya kujaza tangi, andikeni mlijaza wapi na lini.

5. KUJUA NI PISTONI GANI

Kwa gari la petroli la zamani lenye nyaya za plagi, fundi anaweza kuzima injini, kutoa waya wa plagi moja, kisha kuwasha kwa muda mfupi. Mlio mzito ukipungua, beringi mbaya ni ya pistoni hiyo. Ukibaki vile vile, anarudisha waya na kujaribu inayofuata. Mwambieni afanye jaribio hili mbele yenu kabla ya kukubali kazi yoyote.

6. TUKO NJIANI, SAMAKI WATAOZA

Hapa ndipo vikundi hupoteza gari. Tuseme pikapu yagonga Msambweni, samaki wako kwenye barafu, na Likoni ni kama kilomita 50. Dereva aona bora asukume tu. Hebu tupige hesabu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, katika saa moja imezunguka mara 120,000, na beringi mbovu imepigwa katika kila mzunguko. Beringi ambayo ingebadilishwa peke yake sasa imeharibu kranki. Na konrodi ikikatika hutoboa ubavu wa injini, basi hapo mwatafuta injini nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Fanyeni hivi: zimeni, pimeni oili. Ikiwa imepungua, ongezeni na muwashe kwa sekunde chache tu. Mlio ukibaki, au taa nyekundu yenye picha ya birika isipozimika, msiwashe tena. Samaki wahamishwe kwenye gari la kukodi, na pikapu ivutwe. Hasara ya siku moja kikundi kitaibeba.

Lakini dereva hawezi kuamua hivyo ikiwa anaogopa kulaumiwa. Kikundi kikubaliane mapema, na kiandike: dereva akisikia mlio wa mchi, ana ruhusa ya kuzima bila kumpigia mwenyekiti. Namba ya mwenye gari la kukodi iwekwe ndani ya gari.

7. KWA FUNDI, NA SIKU YA KUNUNUA

Ombeni beringi za zamani mzione. Ombeni kranki ipimwe kabla ya beringi mpya kuingia, maana beringi mpya juu ya kranki iliyoliwa haidumu. Msikubali oili nzito itiwe ili kuficha mlio.

Mkienda kununua gari kuukuu, nendeni asubuhi na mguse injini kabla haijawashwa. Mkiikuta tayari ina moto, huenda mlio wa baridi umefichwa. Rudini siku nyingine.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani kati yetu hupima oili kila asubuhi, na yaandikwa wapi?
2. Gari letu likizima njiani na mzigo, nani atalipa gari la kukodi, na kutoka mfuko gani?
3. Je, dereva wetu akizima gari kwa tahadhari na ikaonekana ni bomba la moshi tu, tutamwambia nini?

ZOEZI: Wiki hii kila mwanakikundi asikilize injini yetu ikiwa nzima, kwa bisibisi au mpira, juu na chini. Asiyejua mlio wa uzima hatautambua mlio wa ugonjwa.