King'ora Kinacholia Usiku wa Manane: Jinsi ya Kuitafuta Hitilafu Inayokuja na Kutoweka

Katika maabara za shule zetu mwanafunzi huzoeshwa hitilafu za namna moja tu. Waya umekatika, balbu imeungua, au betri imekwisha nguvu. Hitilafu hizi ni za kudumu: akizipima leo atapata jibu fulani, na akirudi kesho atalikuta lile lile. Lakini fundi umeme wa magari hukutana pia na hitilafu za namna ya pili, ambazo hutokea kwa kitambo, hutoweka zenyewe, kisha hurudi wakati asipotazamiwa mtu yeyote kuwapo na kipimo mkononi. Hizo ndizo zinazokula fedha za wenye magari na kuharibu sifa za mafundi. Makala hii yaeleza jinsi fizikia na hesabu za sekondari zinavyotosha kuzikabili.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya somo. Kuna gari dogo la mbio, la milango miwili, lenye paa la turubai la kukunjwa, lililoagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha tumika. Mwenyewe anakaa Mbuji, Wilaya ya Mbinga. (Msomaji atauliza gari la namna hiyo lafanya nini katika vilima vya Umatengo. Kahawa ikipata bei nzuri, mengi huonekana barabarani.) Mara kwa mara huteremka hadi Mbamba Bay kwa shughuli zake, hurejea jioni, hulifunga gari kwa rimoti na kwenda kulala. Saa kumi za usiku king'ora chalia. Hutoka na tochi, asione mtu wala mnyama. Siku nyingine hakilii. Akilala Mbamba Bay, hakilii kabisa.

Fundi huitwa saa nne asubuhi, hupima, na kukuta kila kitu kizima. Kwa kuwa hawezi kuondoka bila kufanya lolote, hubadilisha kihisi cha mtikisiko. King'ora chanyamaza siku tatu, fundi alipwa, na siku ya nne kelele zarudi. Baadaye hubadilishwa rimoti, na hatimaye kisanduku chenyewe cha kuongozea king'ora, ambacho ni ghali kuliko vyote. Majirani nao wamekwisha zoea. Siku atakapokuja mwizi wa kweli, hapana atakayefungua mlango wake kutazama.

Kimya si ushahidi

Kabla ya kugusa waya wowote, hatuna budi kuuliza swali la hesabu. Zile siku tatu za kimya zilithibitisha nini?

Tuseme king'ora hiki, kikiwa na hitilafu yake, hulia kwa wastani siku moja katika kila mbili. Basi uwezekano wa kupita siku moja bila kelele, hata kama fundi hakutengeneza chochote, ni 1/2. Uwezekano wa kupita siku mbili mfululizo ni 1/2 × 1/2, yaani 1/4. Na siku tatu ni 1/8. Maana yake, kati ya mafundi wanane watakaobadilisha kifaa kisicho na kosa lolote, mmoja kwa wastani atapata siku tatu za kimya na kuapa kuwa ametibu gari. Ili uwezekano wa kudanganyika namna hiyo ushuke chini ya 1/100, yatakiwa kusubiri siku saba, kwa kuwa 1/2 ikizidishwa kwa yenyewe mara saba huwa 1/128. Na kama king'ora hulia siku moja tu katika nne, siku kumi na sita za kimya ndizo zinazoufikisha uwezekano huo karibu na 1/100.

Hesabu hii hudhani kuwa siku moja haiathiri nyingine, jambo ambalo si kweli daima: mvua yaweza kukatika wiki nzima na hitilafu ikalala pamoja nayo. Kwa hiyo kimya cha kweli yafaa kihesabiwe katika siku zenye hali ile ile iliyokuwa ikileta kelele. Hapa ndipo tunapopata njia iliyo bora zaidi ya kusubiri. Badala ya kuingoja hitilafu ije kwa hiari yake, tuitafute hali inayoizaa, kisha tuiumbe hali hiyo mchana, mbele ya macho yetu.

Kisanduku husikiliza nini?

Kisanduku cha king'ora hupokea habari kutoka sehemu kadhaa. Iko swichi katika kila mlango, nyingine katika buti, na nyingine chini ya boneti. Kiko kihisi cha mtikisiko. Katika magari mengine viko pia vihisi vinavyotoa mawimbi ya sauti ya marudio ya 40,000 hivi kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliyasikii, vikasikiliza mwangwi wake. Wimbi la namna hiyo lina urefu wa milimita 8.5 hivi, na hata buibui anayetembea mbele ya kihisi aweza kuonekana kama mtu.

Tuziangalie zaidi swichi za milango, kwa sababu ni rahisi na husahauliwa. Mlango ukiwa umefungwa, kitufe husukumwa ndani na saketi hukatika. Ukifunguliwa, kitufe hutoka na kuuunganisha waya wa kisanduku na bodi la gari, yaani upande hasi wa betri, ambao mafundi huuita ethi. Kisanduku huulisha waya huo volti 12 kupitia kikinza cha ukinzani mkubwa, tuseme omu 10,000. Saketi ikiwa imekatika, waya husoma volti 12. Ikiunganishwa husoma sifuri. Kisanduku hutafsiri chochote kilicho chini ya kiwango fulani, tuseme volti 4, kuwa "mlango umefunguliwa".

Sasa tuseme kati ya ncha za swichi umepita utando mwembamba wa maji. Maji safi hupitisha umeme kwa shida, lakini maji yaliyoyeyusha vumbi na chumvi ya jasho la mikono hupitisha vya kutosha. Utando huo ukiwa na ukinzani wa omu 5,000, volti za waya zitakuwa 12 × 5,000/15,000, yaani 4. Ukinzani ukishuka kidogo zaidi, kisanduku kitaamini kuwa mlango umefunguliwa, ingawa hakuna aliyeugusa. Na jua likichomoza, utando hukauka na ushahidi wote hupotea. Saa nne asubuhi fundi hukuta volti 12 kamili.

Maji ya kutoka hewani

Maji hayo yatoka wapi, ikiwa mvua haikunyesha? Jibu liko katika safari yenyewe. Ziwa Nyasa liko chini ya meta 500 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hupanda kupita meta 1,300. Hewa ya pwani ya ziwa ni ya joto na yenye mvuke mwingi, na maji ya ziwa, kwa kuwa hupoa polepole, huzuia usiku wa Mbamba Bay usiwe na baridi kali. Juu milimani, hasa mwezi wa Juni na Julai, mambo ni mengine.

Hewa ya nyuzi 28 za Sentigredi iliyoshiba mvuke huwa na gramu 27 hivi za maji katika kila meta moja ya ujazo. Ya nyuzi 14 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 12. Tuseme gari lilifungwa vioo Mbamba Bay alasiri, hewa ikiwa na nyuzi 28 na unyevuanga wa asilimia 70. Basi kila meta ya ujazo ilikuwa na gramu 19 hivi, na chumba cha meta za ujazo 2 kilikuwa na gramu 38. Usiku chumba hicho kikipoa hadi nyuzi 14, hewa yake yaweza kubeba gramu 24 tu. Gramu 14 zilizobaki, karibu kijiko kimoja cha chakula, hazina budi kugeuka umande juu ya vioo na vyuma vilivyo baridi, swichi zikiwamo. Kwa kweli hakuna gari lisilopitisha hewa kabisa, na sehemu ya mvuke huo itatoroka njiani. Lakini pumzi za abiria na viti vyenye unyevu huongeza mwingine. Isitoshe, hatuhitaji kijiko kizima. Tone moja mahali pabaya latosha.

Mpaka hapa hili ni wazo tu, na wazo ni lazima lijaribiwe. Mwenye gari aandike katika daftari, kwa siku kumi hivi, saa ambayo king'ora kimelia, mahali gari lilipolala, kama liliteremka ziwani siku hiyo, na kama vioo vilikuwa na umande. Kisha fundi aje mchana wa jua. Aitie swichi ya mlango wa kulia ukungu mwembamba kwa chupa ya kunyunyizia, afunge mlango, atege king'ora na kungoja nusu saa. Kisilie, aikaushe swichi na kufanya vivyo hivyo kushoto, kisha kwenye buti na boneti. Asizinyunyizie zote kwa pamoja, maana hatajua iliyosema. Kikilia, akaushe, arudie, na kurudia tena. Mara tatu za ndiyo kwa swichi moja na za hapana kwa nyingine ni ushahidi wenye uzito kuliko wiki ya kungoja. Ndipo aifungue swichi hiyo, aisafishe kwa spiriti, na kuibadilisha pamoja na kofia yake ya mpira ikiwa imechakaa.

Mshukiwa wa pili: ethi mbovu

Daftari likionyesha kuwa umande hauhusiki, bali kelele hufuata safari za barabara mbovu, tuigeukie ethi. Magari ya mbio aghalabu huwa na mpangilio usio wa kawaida. Mazda MX-5 ya vizazi viwili vya kwanza, kwa mfano, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989, ina betri yake ndani ya buti. Umeme hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi la gari na nati kadhaa, na nati iliyolegea au kushika kutu huwa na ukinzani.

Tuseme ukinzani huo ni nusu omu. Kisanduku kikiwa kimetulia hutumia ampea 0.02 hivi, na volti zinazopotea kwenye nati ni 0.01 tu. Lakini rimoti ikibonyezwa, mota za kufuli na taa za kuonyesha ishara zinazotumia ethi hiyo hiyo zikavuta ampea 10, volti 5 hupotea. Kisanduku chabaki na volti 7, chazimika, chawaka upya, na chaweza kuamini kuwa betri imechomolewa na mwizi. Fundi anayepima omu gari likiwa limetulia hataona kitu, kwa kuwa nyaya za mita yake zenyewe huwa na sehemu ya omu. Apime volti, mzigo ukiwa unavuta: ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya kisanduku. Zikizidi 0.2, nati hiyo ifunguliwe, isuguliwe kwa msasa na kukazwa. Mtu atikise waya wakati mwingine akiitazama mita.

Onyo moja. Nyaya zenye ala ya manjano katika magari mengi ni za mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria, na hazifai kuguswa kwa kipimo wala balbu ya majaribio. Wala mtu asikate waya wa king'ora kwa hasira: mara nyingi kisanduku hicho hicho ndicho kinachoiruhusu injini kuwaka.

Jaribio la darasani

Pigilia misumari miwili midogo katika kipande cha ubao mkavu, iachane milimita 2. Unga kwa mfuatano betri ya volti 6, kikinza cha omu 10,000 na misumari hiyo, kisha pima volti kati ya misumari. Nyunyiza vumbi kidogo la sakafuni, halafu mwanafunzi apulizie pumzi ya mdomo mpaka unyevu uonekane. Itumike mita ya tarakimu. Ya mshale, zile za bei nafuu, aghalabu huwa na ukinzani wa omu elfu chache tu, nayo itajigeuza kuwa umande hata pasipo na maji. Mwalimu aweza kuwaachia wanafunzi wagundue wenyewe.

Maswali

1. Kisanduku huulisha waya wa mlango volti 12.6 kupitia kikinza cha omu 10,000, na huhesabu mlango kuwa wazi chini ya volti 4. Tafuta ukinzani mkubwa kabisa wa utando wa maji unaoweza kukiliza king'ora.

2. Hitilafu hutokea siku moja katika kila tatu. Zatakiwa siku ngapi mfululizo za kimya ili uwezekano wa kudanganyika uwe chini ya 1/100?

3. Kisanduku huvuta ampea 0.02 usiku na mchana, na betri ina uwezo wa ampea-saa 45. Gari likiachwa Mbuji bila kuwashwa, baada ya siku ngapi betri itakuwa imepoteza nusu ya uwezo wake?