Mwandishi Anapoirudia Kazi Yake: Matoleo Mawili ya A Grain of Wheat

Utangulizi
Kabla ya kuanza kuhakiki riwaya hii, fungua ukurasa wa hakimiliki uone unasoma toleo gani. Riwaya ilitoka mwaka wa 1967, mwandishi akiwa na umri wa miaka 29 na akitumia jina la James Ngugi. Mwaka wa 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa toleo lililosahihishwa. Katikati ya miaka hiyo alikuwa amebadilisha jina, amewekwa kizuizini Kamiti (1977-1978) na kuingia uhamishoni. Aliyeisoma upya kazi hiyo hakuwa tena yule kijana aliyeiandika Leeds.

Muktadha
Mwanafunzi wa Nakuru, Gilgil au Naivasha ana sababu ya ziada ya kuisoma riwaya hii kwa makini. Kihika anasifiwa kwa kuteka kituo cha polisi cha Mahee, Bonde la Ufa. Tukio hilo la kubuni linafanana na shambulio la kituo cha polisi cha Naivasha la tarehe 26 Machi 1953, ambapo wapiganaji walichukua silaha na kuwafungua wafungwa. Kwa hivyo, swali la jinsi wapiganaji wanavyosawiriwa linahusu historia ya eneo lako.

Mabadiliko makuu
(a) Msamiati wa kisiasa. Penye "Chama" katika toleo la kwanza, toleo la pili lina "Vuguvugu". Kumbuka kuwa tangu 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Msomaji wa 1986 angeweza kudhani Chama kinachotajwa ndicho kilichokuwa madarakani.
(b) Koina na Daktari Lynd. Katika toleo la 1967, Koina, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani wa Daktari Lynd, anamvamia pamoja na wenzake. Mbwa anauawa na mwanamke huyo anabakwa. Katika toleo la 1986 mbwa anauawa, lakini ubakaji umeondolewa.

Uhakiki
Je, mwandishi alifanya vyema? Zipo hoja pande zote mbili.

Wanaomtetea husema kwamba maandishi ya wakoloni yaliwachora wapiganaji kama wanyama. Tendo la Koina lilirudia picha hiyo, tena bila kuhitajika katika msuko. Katika toleo la pili, hasira yake inaelekezwa kwenye mali na fahari ya mlowezi, wala si kwenye mwili wa mwanamke.

Wanaompinga husema kwamba nguvu ya riwaya ni kukataa kumtakasa yeyote. Mugo anayeheshimiwa ndiye aliyemsaliti Kihika. Gikonyo alikiri kiapo ili arudi kwa Mumbi. Kumwondolea mpiganaji mmoja doa lake ni kumpa upendeleo ambao wengine hawakupewa. Isitoshe, vita huwaumiza wanawake, na kufuta jeraha hakumaanishi kwamba halikuwapo.

Zingatia pia kisichobadilishwa. Usaliti wa Mugo na ungamo lake vimebaki. Mbunge anayemzunguka Gikonyo na kujipatia shamba la mlowezi naye amebaki. Kwa hiyo, si kweli kwamba toleo la pili limegeuza riwaya kuwa wimbo wa sifa. Mwandishi alirekebisha jinsi anavyowatazama wakulima waliopigana, lakini hakulegeza shutuma dhidi ya waliofaidika na uhuru.

Tahadhari kwa mtahiniwa
1. Usichanganye matoleo katika jibu moja. Ukitaja ubakaji ilhali toleo lako halina, huna ushahidi.
2. Usiseme tu "mwandishi alibadilisha mawazo". Taja kilichobadilika, kisha ueleze athari yake kwa mhusika na maudhui.
3. Usidhani toleo la baadaye ndilo bora kwa kuwa mwandishi amekomaa. Kazi ikishachapishwa huwa pia mali ya wasomaji, na toleo la 1967 bado ni ushahidi wa alivyofikiri kijana wa wakati huo.

Maswali ya marudio
1. Linganisha usawiri wa Koina na ule wa Mugo kwa kurejelea toleo unalosoma. (alama 10)
2. "Mwandishi ana haki ya kuisahihisha kazi yake, lakini si historia." Jadili. (alama 20)