Reli ya klabu ivunjwe yote?

Swali: Klabu yetu ina reli ya mfano iliyochakaa. Baadhi ya wanachama wanataka ivunjwe yote. Tuanzie wapi?

Jibu: Wengi hukimbilia milima na miti, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Ugonjwa huwa chini ya meza: nyaya zisizo na alama, viungio vilivyolegea, mbao zilizopinda. Fundi mzoefu hulala chali na tochi, akifunga kikaratasi chenye namba kwenye kila waya kabla ya kukata hata mmoja.

Kisha hupima mkono wake. Reli iliyo zaidi ya sentimita 75 kutoka ukingoni haifikiki kwa urahisi, na treni, kwa ukaidi wake, huangukia hukohuko.

Hukagua pia mwinuko wa reli: kipimo kikiwa HO, yaani 1:87, ni vyema usizidi sentimita 2 kwa kila mita.

Kuvunja yote? Klabu ya reli za mfano ya chuo cha MIT, Marekani, iliyoanza 1946, haikuwa na hiari: Jengo namba 20 ilimokuwa lilibomolewa 1998, ikabidi ijenge upya kwingine. Wenye chumba chao wana nafuu. Wakarabati kipande kwa kipande, mzunguko mmoja ukiendelea kupitisha treni. Nani atakuja miezi sita kutazama mbao tupu?