MERIKEBU ZA ANGANI: SOMO LA KWANZA KWA MCHEZAJI MGENI

Wahenga walinena kwamba vyaelea vyaundwa. Waliosema hivyo walikuwa wakitazama majahazi, lakini mimi nimeuona msemo huo ukitimia katika bahari nyingine kabisa, bahari ya nyota. Likizo ya Agosti binamu yangu alinifunza mchezo wa tarakilishi uitwao EVE Online. Tangu tufungue shule, wenzangu wa Kidato cha Tatu hawanipi nafasi ya kupumua. "Kwani mtu huanzia wapi?" Basi nimeona heri niwaandikie somo moja, tena kwa Kiswahili, tuone kama lugha yetu itashindwa na mambo ya angani. Haitashindwa!

1. MCHEZO WENYEWE

EVE Online ulitolewa Mei 2003 na kampuni ya CCP ya mjini Reykjavik, Aisilandi. Ni bunilizi ya kisayansi: binadamu wa siku za usoni wamesafiri mbali mno, wakakaa katika ulimwengu uitwao New Eden, wenye nyota zaidi ya 7,000. Wewe ni nahodha wa chombo cha angani. Unasafiri kutoka nyota moja hadi nyingine kwa kupitia malango makubwa yanayorusha vyombo.

Jambo la ajabu ni hili. Michezo mingi ya aina hii huwagawa wachezaji katika seva nyingi, kila seva na watu wake. Huu huwaweka karibu wote pamoja katika ulimwengu mmoja. (China peke yake ndiyo yenye seva yake.) Kwa hiyo yule anayekupita langoni ni mtu halisi, pengine Mrusi, pengine Mbrazili, na anakumbuka ulivyomtendea jana.

2. KUUMBA MHUSIKA

Utaulizwa uchague taifa mojawapo kati ya manne: Amarr, Caldari, Gallente au Minmatar. Waamarr ni watu wa dini na ufalme. Wacaldari ni watu wa biashara na nidhamu. Wagallente hupenda uhuru na kura. Waminmatar waliwahi kufanywa watumwa na Waamarr, kisha wakaasi. Usikeshe ukiwaza. Uchaguzi huu haukufungi, kwani baadaye unaweza kujifunza kuendesha vyombo vya taifa lolote.

Ujuzi katika mchezo huu haupatikani kwa kuua mazimwi. Unapanga foleni ya masomo, na mhusika wako anajifunza kwa saa za kweli, hata ukiwa umezima tarakilishi na umeenda kulala. Somo la kwanza huchukua dakika chache, lakini yale ya juu huchukua wiki nzima. Haraka haraka haina baraka.

3. SIKU ZA KWANZA

Mgeni hufunzwa kwanza na mchezo wenyewe namna ya kuruka, kulenga na kutia nanga kituoni. Ukimaliza, watafute mawakala wa kazi. Hawa ni wahusika wa mchezo wanaokupa kazi ndogondogo za kupigana, kuchunguza, kufanya biashara na kuchimba madini, kisha wanakulipa. Nawasihi msiwaruke. Ndio shule ya msingi ya New Eden.

Kazi nyepesi kwa mgeni ni kuchimba. Chombo kidogo kiitwacho Venture kiliundwa kwa kazi hiyo. Unakwenda penye mawe yanayoelea, unayalenga kwa mwali, na ghala lako linajaa. Jiwe la kawaida huitwa Veldspar. Likiyeyushwa hutoa Tritanium, madini yanayohitajika karibu katika kila chombo. Hapo ndipo msemo wa wahenga unapoingia: karibu kila merikebu unayoiona imeundwa na mchezaji fulani, kwa madini yaliyochimbwa na mchezaji mwingine. Pengine bati moja la meli kubwa ya vita lilitoka kwako wewe mnyonge.

4. USALAMA

Hapa ndipo wengi hulia, kwa hiyo someni polepole. Kila nyota ina nambari ya usalama. Kuanzia 1.0 hadi 0.5 ni mahali penye askari, waitwao Concord. Kuanzia 0.4 hadi 0.1 askari hao hawaji. 0.0 na chini yake ni nyika: mwenye nguvu ndiye sheria.

Lakini sikizeni: hata penye askari, Concord huadhibu, haikingi. Mwizi akiamua kupoteza chombo chake ili akuvunjie chako, atafanya hivyo, na askari watafika wewe ukiwa tayari unaelea ndani ya kapsuli. Chombo kikivunjika kimekwenda, hakirudi. Kapsuli nayo ikivunjwa, unazinduka kituoni katika mwili mwingine. Kanuni ya wazee wa mchezo ni moja: usirushe chombo usichoweza kukilipia tena. Kateni bima, na msibebe mali yenu yote katika safari moja. Hata ukifilisika kabisa, usikate tamaa; ukifika kituoni bila chombo utapewa kidogo cha bure cha kuanzia.

5. SOKO NA MATAPELI

Pesa za mchezo huitwa ISK, herufi zilezile zinazotumiwa kwa pesa za Aisilandi. Bei hupangwa na wachezaji wenyewe, zikipanda na kushuka kama bei ya nyanya. Soko kuu liko kwenye nyota ya Jita. Lo! Ukifika huko utadhani umeingia Gikomba siku ya Jumamosi. Kila mtu anapiga kelele kwa maandishi, na wengi wao ni waongo. "Nitumie pesa nikurudishie maradufu!" Kamwe! Ulaghai wa namna hiyo hauvunji sheria za mchezo, kwa hiyo hakuna mahali pa kushtaki. Tamaa mbele, mauti nyuma.

6. UMOJA

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wachezaji huunda makampuni, na makampuni huunda miungano inayotawala nyota nyingi. Mgeni atafute kampuni inayofunza wageni.

Pia ajue kwamba uzembe wa mmoja huwaangukia wengi. Januari 2014, muungano mmoja ulikosa kulipa ada ya kumiliki nyota iitwayo B-R5RB. Maadui waliona mwanya, na vita vilivyofuata vilichukua muda wa saa 21 hivi. Wachezaji zaidi ya 7,000 walishiriki, na meli 75 za aina ya Titan, zilizo kubwa kuliko zote, ziliteketea. Yote kwa ajili ya bili moja! Mweka hazina wa chama chetu, umesikia?

7. GHARAMA NA MUDA

Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kucheza bure, akiwa katika hali iitwayo Alfa. Ujuzi na vyombo vyake vina mipaka. Anayelipa huitwa Omega, na hujifunza upesi zaidi. Ushauri wangu kwa mwanafunzi: baki Alfa. Karo ni mzigo wa kutosha kwa wazazi. Kumbuka pia kwamba faili za mchezo ni kubwa, na bando za data hazioti shambani.

Saa za mchezo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, na kila siku saa nane mchana ya Kenya seva hufungwa kwa muda mfupi ili ihudumiwe. Seva yenyewe hupumzika. Sembuse wewe mwenye mtihani? Mimi hucheza likizoni tu, saa mbili kwa siku, baada ya kazi za nyumbani. Mchezo huu si mchezo. Una hesabu, una biashara, hata baiolojia: mwaka wa 2016 wachezaji walianza kuwasaidia wanasayansi kuzipanga picha halisi za protini za mwili wa binadamu.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Eleza tofauti kati ya kuadhibu na kukinga, ukirejelea Concord.
(b) Una ISK milioni moja. Chombo unachokitamani ni ISK laki tisa. Utakinunua? Toa sababu.
(c) Tunga sentensi ukitumia: nahodha, lango, kapsuli, muungano.
(d) Pendekeza neno la Kiswahili la chombo cha kuchimbia mawe angani. Majibu bora yatasomwa mbele ya chama Ijumaa ijayo.

Safari njema, manahodha.